Vuli Kando ya Muhazi

Mtoto wa Kinyinya huandika jina la Gasabo katika daftari lake kabla hajakiona kilima kilicholizaa jina hilo. Kinyinya ni kata, au umurenge kama wasemavyo wenyeji, katika Wilaya ya Gasabo, mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali. Lakini Gasabo yenyewe ni kilima kando ya Ziwa Muhazi, na simulizi za Wanyarwanda husema kwamba ufalme wao wa kale ulianzia hapo, kisha ukatanuka kilima baada ya kilima. Familia iamkayo mapema Jumamosi yaweza kukifikia, ikatembea ukingoni mwa ziwa, na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Vuli, ambayo huko huitwa umuhindo, huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Wageni wengi huikwepa, wakipendelea kiangazi cha Juni hadi Agosti. Hapo hukosea. Kiangazi hujaza hewa vumbi, na ng'ambo ya ziwa huonekana kama kivuli tu. Mvua za vuli huisafisha hewa hiyo, maharage na mahindi machanga huchipua matutani, na asubuhi jua huwa la upole kiasi kwamba hata bibi wa nyumba anaweza kutembea na wajukuu wake bila kulalamika.

Mama wa nyumba na achague Jumamosi yake kwa uangalifu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi safari husimama. Chakula kifungwe katika kikapu au kitambaa, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na maandazi huvumilia safari kuliko wali. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba; vipande vya mwisho vya njia ni udongo mwekundu, na udongo huo ukilowa humvua mtoto ndara asitambue zilipobaki.

Muhazi si ziwa la mviringo. Ni bonde refu jembamba lililojaa maji, na mabonde madogo yaliyoungana nalo yamejaa pia, hata likawa na matawi kama vidole vya mkono. Jambo hili humchanganya mtembezi. Auona mti ng'ambo, karibu kabisa, apige hesabu ya dakika kumi; kumbe njia yaingia ndani ya tawi la maji, yazunguka, yatoka tena, na saa nzima imepita. Watoto huuliza kwa nini mvuvi katika mtumbwi amefika na wao bado. Kwa sababu hiyo yafaa kupima matembezi kwa saa badala ya kilomita, na kugeuka nyumbani wakati wadogo wangali na nguvu.

Kando ya maji kuna mafunjo na matete, na ndani yake hutua yangeyange na mdiria. Upande wa magharibi maji ya ziwa hutoka na kuwa Mto Nyabugogo. Mtoto wa Kigali hulijua jina hilo kama kituo kikuu cha mabasi, mahali pa kelele na mizigo. Kumbe ni maji ya Muhazi, yapitayo kando ya jiji, yaingiayo Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Victoria, na hatimaye Nile.

Njia yenyewe ya ukingoni ina habari yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliagiza kilimo kikae umbali wa meta 50 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ukiachiwa nyasi na miti huzuia udongo wa vilimani usiporomokee majini, na samaki hupata matete ya kuzalia. Hapana shaka agizo hilo ni jema. Lakini katika nchi ambamo familia nyingi hulima chini ya hekta moja, meta 50 za udongo wenye unyevu si kitu kidogo. Mgeni wa mjini apata mahali pa kutembea. Mkulima apungukiwa matuta ya maharage. Watu wa Batsinda, mtaa wa Kinyinya ambako baadhi ya waliohamishwa kutoka Kiyovu ya chini walipewa makazi karibu na mwaka 2008, hawahitaji kufafanuliwa maana ya kusogezwa kwa ajili ya manufaa ya wote.

Basi wapitao hapo wasikanyage matuta yaliyo juu ya njia. Waamkie, «Mwaramutse» asubuhi na «Mwiriwe» baada ya adhuhuri, na ndizi wanunue kwa yule mama aketiye mbele ya shamba lake badala ya kuzibeba zote kutoka mjini.

Kuhusu watoto na maji, wazazi wawe wakali kidogo. Kichocho kipo katika maziwa ya Rwanda, na konokono waletao ugonjwa huo hupenda penye majani. Mtumbwi usipandwe bila jaketi la kuokolea. Mawingu yakikusanyika, ambayo wakati wa vuli hutokea hasa mchana, watu waondoke majini na wasijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, maana radi huua watu nchini humo kila mwaka.

Wenye nafasi ya kulala nje wanaweza kuitumia Jumapili upande wa mashariki, huko Gahini, kilima kilicho juu ya ziwa hilo hilo. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo hapo mnamo miaka ya 1920, wakajenga hospitali, na katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulioanzia hapo ukaenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Barabara ya lami itokayo Kayonza kwenda Kagitumba hupita karibu. Magari ya kurudi Kigali hujaa jioni ya Jumapili, hivyo inafaa kuwa barabarani kufikia saa tisa.