Mchagua Jembe

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Mei 2019 nilitoa fyekeo langu nyuma ya mlango wa jikoni, nikateremka pamoja na majirani zangu wa Nyarutarama hadi kwenye mtaro wa barabara. Ilikuwa siku ya umuganda. Wanafunzi wangu mlio Rwanda mnaijua desturi hii. Kwa wale wanaosoma wakiwa mbali, ni kazi ya pamoja inayofanywa kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi, na inawahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Kazi ikiisha, watu huketi na kujadili mambo ya mtaa wao. Siku hiyo kazi yetu ilikuwa kufyeka.

Niruhusuni neno moja la kiualimu. Kufyeka si sawa na kukata. Mtu hukata majani ya ng'ombe kwa mundu, akayafunga mzigo na kwenda nayo nyumbani. Lakini hufyeka kichaka ili mahali paonekane. Kupalilia nako ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa apaliliaye huondoa magugu na kuacha mazao. Tofauti hizi zitatufaa hapo mbele, maana aliyetuuzia habari ya trekta hakuuliza tunataka lipi kati ya hayo.

Kaka yangu mkubwa, ambaye naye huishi Nyarutarama, alikuwa karibu nami mtaroni. Aliliegemea fyekeo lake, akazitazama nyasi za uwanja wa gofu, zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta, akaniambia, "Mdogo wangu, mwaka huu sisi tunanunua trekta."

Aliposema "sisi" alikuwa na maana ya watu wanne: Mama, yeye, mimi, na dada yetu mdogo. Tuna shamba la hekta 9 huko Nyagatare, katika nchi ya Mutara. Wazazi wetu walirudi Rwanda na ng'ombe wao kutoka Karagwe, Tanzania, baada ya 1994. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya Hifadhi ya Akagera iliondolewa katika hifadhi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo wakapewa wafugaji waliorejea kama wao. Baba alipofariki, shamba lilibaki mikononi mwetu sote. Nasema sote kwa makusudi. Kabla ya sheria ya tarehe 12 Novemba 1999, sisi mabinti tungebaki wageni katika shamba la baba yetu. Sheria hiyo ndiyo iliyotupa haki ya kurithi sawa na ndugu zetu wa kiume. Usajili wa ardhi wa nchi nzima ulipofika kwetu, majina yote manne yaliandikwa. Hati hiyo Mama aliihifadhi katika sanduku lake la bati.

Haja ya kufyeka ilikuwa ya kweli. Mvua za Machi hadi Mei zikiisha, majani ya Mutara humfika mtu kifuani. Yakiachwa hukauka, na kiangazi cha Juni hadi Agosti cheche moja yaweza kuteketeza malisho ya majirani kumi. Kichaka kirefu hufuga kupe pia, na kupe ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa uliomaliza ndama wetu watatu katika mwaka mmoja. Zaidi ya hayo, majani yakikatwa mapema na kukaushwa vizuri huwa chakula cha ng'ombe wakati wa njaa. Kila mwaka vibarua wanne walifyeka kwa wiki tatu, na kabla hawajamaliza, walikoanzia kulikuwa kumekwisha kukauka.

Basi siku ile, baada ya umuganda, tuliketi barazani kwa kaka. Alikuwa na karatasi za muuzaji mmoja wa mjini: trekta la nguvu za farasi 75, jipya, lenye mashine ya kufyekea ya upana wa mita 2.4. Bei yake ilizidi akiba yetu sote mara tatu. Kilichopungua tungekopa benki kwa miaka mitano, na shamba tungeliweka rehani. Nilipouliza kwa nini liwe kubwa kiasi hicho, alinijibu kwa methali ninayoifundisha mimi mwenyewe: mchagua jembe si mkulima.

Nilinyamaza. Ni vibaya mwalimu kushindwa kwa methali yake.

Mama ndiye aliyesema. Aliuliza, "Mwanangu, ng'ombe akifa hubaki ngozi. Trekta likifa kabla ya deni, hubaki nini?" Kisha akaomba alione kwanza likifanya kazi. Kaka hakuweza kukataa, kwa heshima na pia kwa sheria: ardhi ya watu wanne haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wanne.

Juma lililofuata tulikodi trekta la ukubwa ule ule pamoja na dereva wake. Lilipopita langoni liling'oa nguzo moja. Kwenye uwanda lilifanya kazi ya kupendeza, nakiri. Majani yalilala nyuma yake kama mkeka. Tatizo lilianza ubavuni mwa kilima. Mutara si tambarare kama wasemavyo watu wa Kigali, na malisho yake yamejaa vichuguu, vingi vikiwa vimefichwa na majani hayo hayo unayotaka kuyafyeka. Dereva alikuwa akikata kilima kwa mshazari, gurudumu la juu likapanda kichuguu, na trekta zima likainamia bondeni. Kwa kitambo ambacho sitakisahau, gurudumu lile kubwa lilizunguka hewani. Kisha likarudi chini. Dereva aliteremka, akakaa juu ya jiwe, akaomba maji. Trekta hilo halikuwa na upinde wa chuma nyuma ya kiti, ule unaomlinda dereva likipinduka.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya karatasi za muuzaji kufika barazani: nilichukua kalamu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua upana wa mashine kwa mita, zidisha kwa mwendo wa trekta kwa kilomita katika saa, gawanya kwa 10. Utapata hekta kwa saa. Katika majani mazito mwendo wa kilomita 5 unatosha. Mashine ya mita 2.4 basi hufyeka hekta 1.2 kwa saa, na ukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuza na kupishana mistari, hubaki karibu hekta 1. Mashine ya mita 1.5, kwa mwendo huo huo, hufyeka hekta 0.75, na baada ya kuondoa sehemu ile, hekta 0.6.

Katika hekta zetu 9, mbili ni kilima kikali na moja ni bonde la maji lisilofaa kukanyagwa na chuma. Zinabaki 6. Trekta kubwa lingezimaliza kwa saa sita na robo. Dogo, kwa saa kumi. Tunafyeka mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo tofauti yote, ile ambayo kwayo tungeweka rehani ardhi ya baba yetu kwa miaka mitano, ilikuwa saa saba na nusu kwa mwaka. Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Kuhusu nguvu, fundi mmoja mzee niliyempigia simu alinipa kanuni yake: kwa majani yenye vichaka vyepesi, kila mita ya upana wa visu hutaka nguvu za farasi 15 hadi 20. Lakini nguvu hiyo ipimwe kwenye shafti ya nyuma inayozungusha visu, si kwenye injini, kwani sehemu yake hupotea njiani, na matangazo hupenda kutaja ile kubwa. Mita 1.5 hutaka basi 22.5 hadi 30 kwenye shafti, yaani injini ya 35 hivi. Alinionya pia nisishuke chini ya hapo. Shemeji yetu, mume wa dada, alikuwa amependekeza mashine ndogo ya kukalia kama zile zinazonyoa bustani za Nyarutarama. Visu vyake hukaa chini ya tumbo, karibu sana na ardhi, vimekusudiwa majani ya urefu wa kidole. Kichuguu cha kwanza kingevivunja. Na trekta jepesi mno, likibeba mashine nzito nyuma, huinua pua linapopanda, na usukani hubaki bila kazi. Ndiyo maana huwekewa uzito mbele.

Mengine aliyoniambia niliyaandika ukutani mwa banda, na bado yapo. Kilima kipandwe na kushukwa moja kwa moja, kisikatwe kwa mshazari. Trekta liwe na upinde wa chuma, na mkanda ufungwe daima. Asiye na upinde asifunge mkanda, kwa sababu likipinduka atakuwa amejifunga humo humo. Na kabla ya visu kuzunguka, mtu atembee kwa miguu na kusimika kijiti mbele ya kila kichuguu.

Tulikutana tena barazani. Kaka aliisoma hesabu yangu kimya, akaigeuza karatasi kana kwamba upande wa pili ungekuwa na jibu jingine. Alisema majirani wangetukodi trekta kubwa na fedha ingerudi. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na dada aliijibu vizuri kuliko mimi: majirani wangapi wamesema hivyo? Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Tulipiga kura, kila mmoja kwa jina lililo katika hati. Wawili walitaka dogo, mmoja kubwa. Mama alikataa kupiga kura hadi kaka aulizwe kama angeweza kuishi na uamuzi huo. Alijibu kuwa angeweza, lakini yeye ndiye atakayeliendesha kwanza. Mama akainua mkono.

Tulinunua trekta la farasi 35, lililokwisha kutumika, lenye upinde, kwa akiba yetu na ng'ombe wawili. Hatukukopa. Nakiri kwamba lilitusumbua mwaka wa kwanza. Pampu ya dizeli ilitugharimu zaidi ya tulivyotazamia, na kaka hakuacha kunikumbusha.

Kuna mtu mmoja ambaye hesabu yangu haikumtaja. Miongoni mwa vibarua wanne alikuwamo mzee aliyetufyekea tangu baba akiwa hai. Tulimwomba ajifunze kuendesha, akacheka, akasema miguu yake inamtosha. Sasa hufyeka kilima kikali peke yake, na ndiye asimikaye vijiti kwenye vichuguu, kwa kuwa anavijua hata gizani. Malipo yake kwa siku tuliyaongeza. Siku zenyewe zimepungua, na wenzake watatu sijui vizuri walikwenda wapi. Nilipoiweka kalamu chini usiku ule sikuwafikiria, nami nilikuwa nimetoka tu kufyeka mtaro pamoja na majirani zangu.

Juni iliyopita nilikwenda Nyagatare wakati wa kufyeka. Kaka alikuwa kwenye usukani, mkanda kiunoni, akipanda na kushuka kama alivyoagizwa. Mama alikuwa amekaa kivulini akihesabu mistari. Nilimuuliza hati iko wapi siku hizi. Akanielekeza kwa kidevu kwenye sanduku la bati, akaendelea kuhesabu.