Sikio au Kikazio?

Mpigaji ambaye gita lake halikai sauti hana wa kumtetea. Akisema kwamba kasoro iko katika chombo, watu humkumbusha kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na shauri huishia hapo. Methali hiyo nami nimeitumia mara nyingi ofisini, kwa wanafunzi walioniletea kalamu mbovu kuwa sababu ya kutofanya kazi. Lakini ziko siku ambapo jua lenyewe ndilo lenye kosa, na katika mambo ya gita siku hizo ni nyingi kuliko wanavyodhani wasiopiga.

Mwaka 2023, wiki chache kabla ya Pasaka, binti mmoja wa jirani alikuwa karibu kuondolewa katika kwaya ya vijana. Alikuwa akipiga gita la nyuzi za chuma alilorithi kwa marehemu baba yake. Kila ibada ilipofika katikati, gita lilikuwa limekwisha achana na waimbaji, na aliyesimamia kwaya alikata shauri kwamba mtoto yule hana sikio. Nafasi apewe mwingine. Mama yake aliniletea gita, na nadhani aliniletea pia yule binti, kwa kuwa watu wa mtaani bado huniona mwalimu mkuu ingawa nilistaafu zamani.

Chuoni tulikofundishwa ualimu tuliambiwa kwamba kabla hujaandika "hawezi" mbele ya jina la mtoto, ujue kwanza ulipima nini. Basi nilimwomba anipe mgongo. Nikapiga nyuzi mbili zilizolingana, kisha nikaushusha mmoja kwa kiasi kidogo sana, nikamwuliza ni upi ulio chini. Tulifanya hivyo mara kumi na alikosa mara moja tu. Mara mbili alinijibu wakati mimi mwenyewe, kwa masikio haya ya miaka sabini na ushei, nilikuwa sijaisikia tofauti. Suala la sikio nikalifunga.

Likabaki gita. Kichwani mwake vilikuwapo vikazio sita, vitatu kila upande, vya namna ile iliyo wazi ambayo unaziona gia zake. Jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu. Kishikio unachokizungusha kwa vidole kimeungana na skurubu nene, fupi. Skurubu hiyo huuma meno ya gia ndogo, na gia imefungwa kwenye mhimili ambao uzi huviringishwa juu yake. Katika vikazio vingi huna budi kuzungusha kishikio mara 14 ili mhimili uzunguke mara moja; vingine hutaka mara 18, navyo huwa vyepesi zaidi kupatia sauti kamili. Ajabu yake ni hii: skurubu huweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha skurubu. Uzi wa chuma uliokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo kumi hivi, na zote sita kwa pamoja hukaribia kilo 70, lakini uvute usiku kucha, mhimili hautarudi nyuma.

Udi wa taarabu hauna gia hizo. Vigingi vyake ni vya mti, vimechongwa vikawa vyembamba upande mmoja, na kinachovishika ni msuguano peke yake. Kikiteleza, mpigaji hukipaka chaki. Kikikwama, hukipaka sabuni. Mwenye udi hujua tabia ya kila kigingi chake. Mpigaji gita huiamini gia, na kwa kuiamini hana desturi ya kuitazama. Zamani ilikuwapo sababu nyingine pia. Bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya vyama na mashirika, kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Gita likiwa la chama, nani angethubutu kulitia bisibisi?

Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba vikazio vinalegea vyenyewe, usikimbilie dukani. Kikazio kizima hakilegei. Nilichukua penseli nikachora mstari mwembamba kuanzia juu ya kila mhimili hadi kwenye mbao, nikalikaza gita sawasawa, nikamwambia binti apige nusu saa kwa nguvu zile zile za kanisani. Nyuzi mbili zilishuka: wa tatu na wa tano. Tukatazama mistari. Mstari wa uzi wa tatu ulikuwa umenyooka kama tulivyouacha. Wa tano ulikuwa umekatika, nusu moja kwenye mbao na nyingine imehama pamoja na mhimili.

Nyuzi mbili, ugonjwa mmoja kwa sikio, kumbe sababu mbili. Uzi wa tatu ulikuwa unabanwa katika kile kipande cha mfupa chenye mifuo sita kilichoko baina ya kichwa na shingo. Dalili yake ni kwamba unazungusha kishikio na sauti haibadiliki, kisha inasikika "ti!" na sauti inaruka kupita ulipotaka. Mpigaji akiuvuta uzi kwa vidole, nao hujinasua ukashuka. Dawa yake ni unga wa penseli ndani ya mfuo, na ikibidi kuupanua mfuo kidogo kwa tupa nyembamba sana. Tuliutia unga ule, ukatosha. Mtu angenunua vikazio sita vya dhahabu, uzi wa tatu ungeendelea kumwaibisha.

Wa tano ulikuwa kweli na kosa kichwani. Skurubu ndogo inayoishika gia kwanza niliikaza, maana mara nyingine huwa ni hiyo tu. Haikusaidia. Meno mawili ya gia yalikuwa yamelika, na skurubu ilipofika hapo ilikuwa inayaruka.

Hapo ndipo palipotokea mabishano. Msimamizi wa kwaya, ambaye sasa alitaka kusaidia, na ninamsifu kwa hilo, alileta seti mpya ya namna iliyofunikwa, nzito na inayong'aa. Mihimili yake ilihitaji matundu ya milimita 10. Matundu ya gita yalikuwa karibu milimita 9. Fundi seremala aliyeitwa akasema hiyo ni kazi ya dakika tano: apitishe keekee, basi. Nilikataa. Keekee ikiingia katika tundu ambalo tayari liko haina kitu cha kuishika katikati; huweza kuuma ukingo na kukipasua kichwa. Hata isipopasua, mbao ikishatoka hairudi. Tundu kubwa unaweza kulitia bushi ya kupunguza likapokea mhimili mwembamba, lakini kwa nini uchimbe ili baadaye uzibe? Binti alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akasema, "Babu, baba hakulitoboa." Fundi akairudisha keekee mfukoni.

Tulirudisha seti ile, tukatafuta ya namna ya zamani. Mwenye kununua apime tundu kwa rula ya milimita, ahesabu kama vikazio viko vitatu kwa vitatu au sita upande mmoja, na kama vitatu vimeungana katika bamba moja apime kutoka kitovu cha mhimili wa kwanza hadi cha tatu, kisha agawe kwa mbili. Katika magita mengi ya nyuzi za nailoni jibu huwa milimita 35. Kipimo kirefu hupunguza kosa la jicho. Hilo nimelifundisha darasani miaka mingi kwa kamba na vijiti.

Kuvifunga kulichukua asubuhi moja. Tulilegeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa pamoja. Skurubu za zamani zilitoka kwa bisibisi iliyoenea barabara katika mfuo wake, na mbili ambazo matundu yake yalikuwa yamelegea tuliyajaza kwa njiti za kiberiti na gundi ya mbao, tukasubiri ikauke. Skurubu mpya nilizipaka sabuni kavu kabla ya kuziingiza, kwa sababu hizi ndogo hukatika upesi katika mbao ngumu, na kuutoa mkia uliobaki ndani ni adhabu. Nyuzi mpya tukaziviringisha mara mbili au tatu, zikishuka kuelekea chini bila kupandana. Nilimwagiza jambo moja la kushika: sauti ikipita juu, aishushe hadi chini ya anapotaka kisha apande, asiishie katika kushuka, kwa maana baina ya skurubu na gia daima pana mwanya mdogo, na uzi huutafuta.

Pasaka alipiga. Sikuenda kukaa mbele kumtazama. Nilikaa mahali pangu pa kawaida karibu na mlango. Vikazio vitano vya zamani vilivyokuwa bado vizima amevihifadhi katika kopo la maziwa, na wiki iliyofuata kijana wa kwaya nyingine alikuja kumwomba kimoja. Alimwambia kwanza alete gita lake, na penseli.