Barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi

Kuna kazi moja iliyonikosesha usingizi, na ndiyo imenifanya nikae chini niandike haya ya leo.

Mwaka jana nilimaliza programu ya leseni za biashara kwa ofisi moja ya umma. (Jina sitaji, bado nawadai!) Mama mwenye duka anajaza fomu kwenye simu, analipa, kisha anapata leseni ambayo mkaguzi anaweza kuihakiki papo hapo. Tuliijaribu miezi miwili, ikafanya kazi vizuri. Mpaka leo haijatoa leseni hata moja. Kinachokosekana ni waraka wa ukurasa mmoja unaosema kwamba leseni ya kwenye simu ni halali. Kila nikienda naambiwa, "Injinia, mkubwa ametoka kidogo, pitia wiki ijayo." Kijana niliyemwajiri kwa kazi hiyo nilimwachisha mwezi uliopita kwa sababu sina cha kumlipa. Na yule mama bado anafunga duka siku nzima ili akapange foleni.

Sisi watu wa tarakilishi tuna ugonjwa wetu: tunadhani kila shida dawa yake ni programu. Ninapougua hivyo hukumbuka kisa cha KIXP.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukimwandikia barua pepe mtu wa mtaa wa pili hapa Nairobi, na kila mmoja wenu anatumia kampuni yake ya intaneti, mara nyingi barua hiyo haikuvuka barabara tu. Ilipanda hadi kwenye setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena, ndipo ikashuka Nairobi. Hebu tupige hesabu. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara mbili ni kilomita 144,000. Jibu likirudi njia hiyo hiyo, jumla ni kilomita 288,000. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo karibu sekunde nzima inapotelea angani. Na safari hiyo yote ilikuwa ya kulipiwa, tena ghali.

Dawa yake kiufundi ni ndogo. Kampuni zinakubaliana chumba kimoja, kila moja inavuta waya wake hadi hapo, zote zinachomekwa kwenye swichi moja. Mawasiliano ya hapa yanabaki hapa. Kampuni za Kenya, kupitia chama chao TESPOK, zilifanya hivyo Novemba 2000. Kituo kikaitwa KIXP.

Kiliishi wiki chache tu. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwa Tume ya Mawasiliano, CCK. Disemba tume ikaamuru kituo kifungwe. Kampuni zikajitetea: jamani, haya ni mawasiliano ya humu humu nchini, mpaka gani yamevuka? Zikakata rufaa, zikashinikiza, zikaitana vikao, karibu mwaka mzima. Kibali kilitolewa Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Ile safari ya zaidi ya sekunde moja ikawa ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Teknolojia haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni karatasi.

Sisemi kwamba serikali ikae kando. Angalia M-Pesa. Safaricom ilipotaka kuianzisha, hapakuwa na sheria ya kampuni ya simu kutuma pesa za watu. Benki Kuu ingeweza kusema ngojeni sheria. Badala yake ilichunguza, ikataka pesa za wateja ziwekwe benki chini ya udhamini, halafu ikaandika barua kwamba haina pingamizi. Huduma ikaanza Machi 2007. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011. Kwa hivyo karatasi ile ile inayofunga ndiyo inayofungua.

Mwaka 2024 Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walipewa Nobel ya uchumi kwa utafiti wa jinsi taasisi zinavyoundwa na zinavyoathiri ustawi wa nchi. Mimi si mchumi, lakini jambo moja nimelijua kwa miguu, kwa kupanda ngazi za ofisi ile. Uamuzi wa kufunga KIXP ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa uamuzi. Kulikuwa na aliyeutoa na kulikuwa na sababu, kwa hivyo watu walijua pa kuanzia kubishana. Mimi sijakataliwa. Ningekataliwa ningeshukuru! Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Nadhani nchi zetu zinapoteza mengi kwa ukimya huo kuliko kwa maamuzi mabaya, maana ukimya haukatiwi rufaa.

Au ndivyo nilivyodhani. Juzi rafiki yangu wakili alinionyesha kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010: kila mtu ana haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa haki, na akiathiriwa na hatua yao apewe sababu kwa maandishi. Kuna sheria ya 2015 ya kutekeleza hayo. Nimeishi nayo miaka yote hii nikiandika programu!

Basi Jumatatu nilipeleka barua, ukurasa mmoja tu, nikiomba jibu la maandishi, liwe ndiyo au hapana. Karani aliisoma mara mbili, akanitazama, kisha akagonga muhuri kwenye nakala yangu na kuandika tarehe.

Nakala ninayo hapa mezani. Nikijibiwa, nitawaambia.