Mi niliacha chuo, lakini msinitumie kama ushahidi

Kila nikiposti kitu kuhusu kuacha chuo, lazima msee mmoja aandike: "Unaona? Masomo ni bure, hasa hizo za nadharia." Leo nakataa. Mi niliacha juu ya karo. Masomo hayakunikosea.

Cheki Frank Wilczek. Mwaka wa 1973 alikuwa anafikisha miaka 22, rika letu kabisa, bado mwanafunzi wa uzamifu pale Princeton, Marekani. Yeye na mwalimu wake, David Gross, walikuwa wanapiga hesabu kuhusu kwaki, vile vijidude viko ndani ya protoni. Kule Harvard, mwanafunzi mwingine, David Politzer, alikuwa anapiga hesabu hiyo hiyo.

Shida ilikuwa hii. Sumaku mbili ukizitenganisha, nguvu inapungua. Lakini majaribio ya Stanford mwishoni mwa miaka ya 60 yalionyesha kwamba ndani ya protoni, vitu vinatembea ni kama havijashikwa na chochote. Na bado hakuna mtu aliwahi kutoa kwaki moja nje. Sasa hiyo inawezekanaje?

Jibu lilikuwa kwa alama moja ya hesabu: ni ya kujumlisha ama ya kutoa? Ikatoka ya kutoa. Maana yake, nguvu ya kwaki ni kama mpira wa manati. Zikikaribiana, umelegea. Ukizivuta mbali, unakaza.

Na hapa ndio mi huchizi. Kwaki zenyewe hubeba kama asilimia 1 tu ya uzito wa protoni. Zingine zote ni nishati: kwaki zikikimbia, na ile nguvu inazishika. Kwa hivyo mizani ikisoma kilo 60, karibu zote ni nishati. Si chapo pekee, bosi.

Wote watatu walipata Nobel 2004. Miaka 31 baadaye! Hapo katikati, hesabu mashangazi wangapi wangeuliza, "Na hiyo itakupa kazi gani?"

Binamu yangu anasoma fizikia, shahada ya uzamili, na hilo swali analipata kila Krismasi. Mi pia nalipata, juu ya kamera yangu. Tunakaa meza moja, tunaulizwa na watu wale wale.

Kwa hivyo usinichukue mimi umpige naye. Kama una swali kwake, muulize anatafuta nini. Halafu utulie, usikize jibu.