Prius au Alpha: nafasi si idadi ya viti

Haya wandugu, mwezi huu nyumbani kwetu mjadala ni mmoja tu. Si siasa, si Simba na Yanga. Ni mkoko. Mimi na kaka yangu tumeamua kuchangishana tuagize gari moja la mtumba kutoka Japani. Mawili tulikubaliana siku ile ile: liwe haibridi, na liwe Toyota ili spea zisitutoe jasho. Baada ya hapo tukagawanyika. Mimi nikasema Prius ya kawaida. Kaka akasema Prius Alpha, tena ile ya viti saba.

Kwa ambao magari si fani yao, niwape historia kidogo. Prius ya kwanza kabisa iliingia sokoni Japani Desemba 1997. Tunayoizungumzia sisi ni ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009 na injini ya lita 1.8. Mwaka 2011 Toyota wakachukua mitambo hiyo hiyo wakaivalisha bodi ndefu na ya juu zaidi. Japani wakaiita Prius Alpha, Marekani Prius v, Ulaya Prius+. Marekani waliuziwa ya viti vitano tu, Ulaya ya viti saba. Japani walipata zote mbili, na ndiyo maana sisi tunaoagiza huko tunabaki na kazi ya kuchagua. Iliacha kutengenezwa 2021, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekuambia ana Alpha mpya.

Tuanze na mafuta, maana haibridi watu wananunua kwa ajili hiyo. Vipimo vya serikali ya Marekani kwa magari ya mwaka 2012 vinaipa Prius ya kawaida maili 50 kwa galoni, na ile kubwa maili 42. Kwa lugha yetu, ni kama kilomita 21 kwa lita moja dhidi ya 18. (Namba za makaratasi ya Japani ni tamu zaidi ya hapo. Usizipigie bajeti.) Sasa chukua mtu anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Prius itakunywa lita kama 565, Alpha kama 670. Tofauti ni lita mia na ushee. Ukiweka lita moja kwa shilingi 3,000, ili hesabu iwe rahisi tu, unapata laki tatu na kitu kwa mwaka, yaani kama elfu ishirini na sita kwa mwezi.

Elfu ishirini na sita si pesa ya kutupa, lakini haiwezi kuwa ndiyo inayoamua jambo hili. Foleni ya Dar zote mbili zinaiweza vile vile: ukisimama injini inazima, ukijongea polepole mota ya umeme inasukuma, ukikanyaga breki betri inajichaji. Pale Mwenge saa kumi na moja jioni, wenzako wanaunguza wese wamesimama, wewe umetulia kimya.

Kilichoamua ni magoti ya mama.

Mama yetu ana miaka 68, anaishi Muheza. Kila baada ya miezi mitatu anakuja Dar kliniki. Anapanda basi, anashuka hoi, halafu bajaji inammalizia. Akitembea umbali wa kutoka geti la hospitali mpaka dirisha la kuandikishia lazima apumzike mara mbili, kwa hiyo sasa tuna kiti cha magurudumu cha kukunja. Alipokuja safari iliyopita, jirani yetu mwenye Prius alituruhusu tujaribu. Ni gari zuri, lakini liko chini na paa lake linashuka kuelekea nyuma. Mama aliingia kwa kuinamisha kichwa na kukunja magoti, na kumtoa ilibidi tuwe wawili. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, hili ni la nyie vijana."

Kesho yake tukampeleka yadi moja yenye Alpha. Akageuka, akakaa, akavuta miguu ndani mwenyewe. Akagonga kiti kwa kiganja kama anayenunua godoro. "Hapa nakaa kama mtu," akasema. Halafu akauliza, "Sasa hili la umeme mnalichomeka wapi, na umeme wenyewe huu wa kukatika?" Nikamwambia halichomekwi, linajichaji lenyewe likitembea. Akanitazama kama mtu anayeuziwa dawa ya meno stendi.

Basi, ubishi wa Prius ya kawaida ukafungwa. Ukabaki wa viti vitano au saba, na huo ndio ulikuwa mgumu.

Hoja ya kaka ina uzito. Ana mke na watoto watatu. Ongeza mama, ongeza mimi, tumeshakuwa saba. "Mdogo wangu," aliniambia, "utanunuaje gari la familia ambalo familia haienei?"

Nikamwomba tukae kwenye zile siti za nyuma kabisa. Tukakaa. Magoti yake yalikaribia kidevu. Zile ni za watoto, na ukizisimamisha buti inabaki kama ufa wa kuwekea mikate. Kiti cha magurudumu kitakaa wapi, juu ya paa? Kwenye Alpha ya viti vitano, buti ilipimwa Marekani kuwa na lita kama 970, wakati Prius ya kawaida ina kama 610. Kiti cha mama kinaingia, begi lake linaingia, na ndoo ya machungwa ambayo lazima aje nayo inaingia, bila kulaza siti yoyote.

Halafu kuna jambo ambalo kaka hakupenda nilitaje. Mjini hapa kiti kitupu hakikosi mwenyewe. Ukijulikana una gari la watu saba, kila msiba, kila kikao cha harusi, simu inaita: "Si mna gari nyie? Tupitieni." Na unapita, kwa sababu ni ndugu. Siku ya safari ya Muheza mama atajikuta amebanwa katikati ya shangazi na mtoto wa jirani, magoti yamekunjwa vile vile kama kwenye basi. Tutakuwa tumenunua gari kubwa, na mama hatapata nafasi.

Wifi yangu alikuwa kimya muda wote. Aliwatazama wanawe watatu mmoja mmoja, kama anayehesabu. Nilimwona, na sijaisahau ile hesabu.

Jumapili tulifikia mwafaka: Alpha ya viti vitano. Mimi nachangia zaidi kwa kuwa Jumatatu hadi Ijumaa nitakuwa nayo kwenye kazi za kukimbizana na habari. Sikukuu tukienda Muheza wote, mama na familia ya kaka watapanda kwa zamu, na mimi ni wa kwanza kukata tiketi ya basi. Kubanana wengi kwenye viti vitano hakuna, iwe kuna trafiki au hakuna. Kaka amekubali, ila bado ana kinyongo kidogo, na sitamlaumu.

Kwa mnaotaka kufuata njia hii, zingatieni mawili. Kwanza, injini hii ya 1.8 inajulikana kwa mfumo wake wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kuziba kwa masizi, na mwisho wake gasketi ya silinda hedi inaungua. Gari likitetemeka asubuhi unapoliwasha, au maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote, liacheni. Pili, betri kubwa inapozwa kwa feni. Kwenye ya viti vitano betri iko nyuma, na tundu la hewa liko kando ya siti ya nyuma. Msilizibe kwa kanga na mabegi, na vumbi la feni lisafishwe. Joto letu hili likikutana na feni iliyoziba, betri haidumu.

Gari likifika bandarini nitawajuza. Kwa sasa natafuta fundi anayeijua EGR kwa mikono, si kwa mdomo. Mwenye kumjua anishtue.