Simba Hakuwahi Kutembea Sawasawa



Jana jioni tulimzika Simba, mbwa wetu, nyuma ya banda la kuku. Alizaliwa na maji kwenye ubongo. Kichwa kilikuwa kikubwa, utosi laini kama wa mtoto mchanga, na akitembea alizunguka upande mmoja tu. Daktari wa mifugo alituambia mapema kwamba hataishi sana. Mimi nikasema adungwe sindano, yaishe. Binti yangu akakataa. Miezi saba alimlisha kwa mkono, na kila kifafa kilipomshika alikaa naye mpaka kikapita.

Jana nilishika jembe nikalia. Mchungaji mzima, nalilia mbwa!

Usiku nikamkumbuka mama mmoja wa kanisa letu. Mtoto wake pia alizaliwa na maji kichwani. Mama huyo aliacha kuja ibadani kwa sababu watu walimkodolea macho, wengine wakanong'ona kwamba ni laana. Nilisikia. Sikusema neno. Mbwa nilimbeba mpaka kwa daktari. Mtoto yule sijawahi kumbeba hata siku moja.

Mefiboshethi alilemaa miguu yote miwili, lakini Mfalme Daudi alimketisha mezani pake siku zote. Hakungoja apone kwanza.

Leo mchana naenda kwa mama huyo kuomba msamaha. Akikubali kuja Jumapili, atakaa na familia yangu.

Na wewe mpendwa, ni nani umemwacha nje kwa sababu hatembei kama wewe?

Mbarikiwe. Amina.