Joto la Ekzosi Linavyotesa Gari la Zamani

Baadhi ya vijana wetu wanajifunza ufundi wa magari, na mara nyingi wanaanzia kwenye magari ya zamani. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu ugonjwa mmoja wa magari hayo: joto la ekzosi.

Mimi nilifundishwa na baba mdogo kule kwetu Kivu Kusini, kwenye Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa 1971 hadi 1985. Fungua boneti ya ile ya petroli, utaona kabureta na ekzosi ziko upande mmoja wa injini, kabureta juu, moto chini. Waingereza walifanya makusudi, ili petroli iungue vizuri wakati wa baridi. Lakini gari likipanda mlima wa Ngomo kwenda Bukavu, limejaa mizigo, linatambaa kwa gia ya kwanza, upepo ni kidogo. Petroli inachemka ndani ya bomba, inakuwa mvuke, pampu haivuti tena. Gari linazimika kwenye kona. Na kadiri unavyopanda juu, ndivyo petroli inavyochemka upesi.

Madereva waliweka kitambaa chenye maji juu ya pampu, wakasubiri. Inasaidia, ila ni kutuliza maumivu tu. Na maji usimwagie ekzosi yenye moto, chuma kitapasuka.

Baba mdogo alikuwa na utaratibu wake. Kwanza, gasketi ya ekzosi isivuje. Moshi unaovuja hauunguzi nyaya tu. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Watoto wakianza kulalamika kichwa na kusinzia ovyo safarini, simamisha gari, watoe nje wapate hewa.

Pili, sogeza bomba la petroli, nyaya na hozi za breki mbali na ekzosi, halafu zifunge imara zisirudi.

Tatu, weka kinga ya bati la alumini katikati ya ekzosi na kabureta. Hapa vijana wengi wanabandika bati juu ya ekzosi kabisa. Hapana! Bati likigusana na chuma, nalo linakuwa jiko. Acha nafasi kama sentimita 2 kila upande, hewa ipite. Uso unaong'aa uelekee kwenye moto, maana unarudisha joto. Kinga yenyewe ni ile nafasi ya hewa pamoja na bati.

Jambo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Mafundi wa zamani walizungushia ekzosi kamba ya asbesto, na gasketi nyingi za magari hayo zilikuwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Vumbi lake ukilivuta leo, ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20 au 40. Kwa hiyo, kijana, ukikuta gasketi kuukuu usiikwangue kavu, wala usiipulizie upepo. Iloweshe maji ikiwa injini imepoa, ifunge kwenye mfuko, na watoto wasikaribie. Nguo za kazi usizikung'ute nyumbani.

Wazazi, mkiwa na mtoto gereji, msomeeni sehemu hii. Mbaki salama.